Wifi Anasema Namficha Dawa

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana shukrani imenigeukia mzigo.

Miaka mitatu iliyopita nilikonda nikabaki mifupa, miguu imevimba, nikipanda kilima kutoka kisimani pumzi inakata, na huku kwetu siku hizi ukikonda hakuna anayeuliza unaumwa nini, kila mtu akasema ni ule ugonjwa tunaouita Juliana, yaani UKIMWI, shemeji zangu wakachagua hadi mahali pa kunizika kibanjani, kati ya migomba, ila wifi yangu Eufrazia hakunikimbia, aliniogesha, tukala ndizi sahani moja, na yeye akiamini kabisa kuwa ni Juliana. Ndipo daktari mmoja akasikia moyo wangu unavuma, nikapelekwa India, wakakuta mshipa mkubwa umevimba na kupasuka pale unapoanzia kwenye moyo, wakanifungua kifua wakaushona, na daktari wa huko akashangaa, akasema ugonjwa huo wao ndio huuona zaidi, sisi Waafrika si sana. Nimepona, nalima, namshukuru Mungu na wifi kila siku. Sasa binti yake Immakulata amerudi kutoka visiwa vya ziwani alikoolewa, amepimwa, ana UKIMWI kweli, na wifi anapiga magoti, “Waitu, ndugu yangu Skola, nipe dawa waliyokupa India,” nikimwambia ulikuwa moyo analia kwamba namnyima. Nafikiria nimpe majani yoyote achemshe, angalau apate tumaini. Je, nitakosea?

Skolastika, Kimwani, Muleba, 1991

Skolastika, hongera kwa kupona, na pole. Lakini hayo majani yatupe! Aliyekuogesha ndiye unataka kumdanganya? Binti akifa, mama yake atajilaumu maisha yake yote kwamba hakuyachemsha vizuri.

Maneno umeyasema, hayakutosha. Ingia naye chumbani, vua blauzi, aushike huo mshono kwa vidole vyake. Kisha nendeni wote kwa daktari aliyeusikia moyo wako, amweleze mwenyewe. Na Immakulata apelekwe hospitali: UKIMWI hauna dawa, lakini kikohozi na kuhara vinatibiwa, na hilo si dogo.

Halafu, mama, wewe unanishangaza. Unamshukuru wifi kila siku, ila barua nzima hujasema umeingia chumbani kwa Immakulata hata mara moja. Unaogopa nini? Sahani haiambukizi, na uchungu wa kukimbiwa wewe unaujua kuliko sisi wote.

Eufrazia alipokuja kwako hakuwa na dawa yoyote. Kesho asubuhi pika ndizi, beba beseni na sabuni, nenda ukamwogeshe mtoto wake. Mkimaliza, kuleni sahani moja.