Jina Lako Nimelifuta kwenye CV Yangu

Mzee wangu Deo,

Ni miezi minne tangu tukuzike. Kibanda chetu cha kuchapa barua na CV pale karibu na soko la Kamembe kimefungwa, na fundi wa simu ameweka meza yake mlangoni. Maman Furaha, mke wako, amenipa mimi printa yako. Bado inatafuna karatasi asubuhi kukiwa na baridi. Ningependa barua hii iwe ya kukulilia tu, maana nilikulilia sana. Lakini nina hasira, Mzee, na sina pengine pa kuipeleka.

Nilipovuka kutoka Bukavu na kuja kujifunza kwako, kila mteja nilikuwa namwandikia "mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu". Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Usiandike vile muntu iko. Andika kazi yenye alifanya, benye kutoa kazi batajionea." Unamkumbuka yule mama wa Bweyeye aliyeapa kwamba hana lolote la kuandika? Ulimhoji taratibu mpaka ikajulikana kwamba yeye ndiye anayepanga zamu za wabeba machela wa kijiji kizima. Ukaiweka hiyo juu kabisa. Akapata kazi kituo cha afya, na mimi nikaona wewe ni mtu wa ajabu.

Ukanifundisha pia ule mstari wa mwisho, wa shahidi, yule atakayepigiwa simu aulizwe habari zako. "Pale njo CV inaponea ao inafia," ulikuwa ukisema. Kwenye CV yangu shahidi nilikuweka wewe. Ningemweka nani mwingine?

Kampuni ya malori ya simenti kule Muganza ilitafuta karani, nikaomba. Kimya. Mwaka uliofuata nikaomba tena. Kimya. Mara zote mbili ulinipeleka kula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na ugali, ukaniambia, "Pole, Maman Sekretere, Mungu iko na mupango." Nililia mbele yako ukanipa leso yako.

Wiki iliyopita niliomba mara ya tatu. Ilibidi nikuondoe, marehemu hapokei simu, nikaweka jina la kiongozi wa kwaya yetu. Safari hii nikaitwa, na mama anayeajiri pale ofisini akauliza mbona shahidi wangu wa zamani hayupo. Nikamwambia umefariki. Akatoa CV yangu ya zamani kwenye faili. Pembeni ya jina lako alikuwa ameandika kwa kalamu yale uliyomjibu: *Anachelewa. Hatunzi siri za watu.*

Mzee! Mimi niliyekuwa na ufunguo wa kibanda! Mimi niliyekuwa nikifika kabla yako na kukuwekea chai! Ulinitilia kitumbua changu mchanga, kisha ukaninunulia sambaza, kwa macho makavu kabisa.

Yule mama akasema kiongozi wa kwaya hatoshi, anataka mtu aliyeniona kazini. Sikuwa na mwingine, nikampa namba ya Maman Furaha. Akampigia palepale, simu ikiwa na sauti ya nje. Mke wako hakujua lolote. Akacheka na kusema, "Esperanse? Eh, Maman! Ule mutoto njo alikuwa anafungua kila asubuhi. Bwana yangu alikuwa anasemaka, siku ataenda, nitafunga mulango."

Kumbe uliogopa. Ungeniambia tu, Mzee. Ungeniambia "Usiende, macho yangu hayaoni tena herufi ndogo", ningebaki. Haki ya Mungu ningebaki, hata miaka mingine miwili. Hilo ndilo linaniuma kuliko hata kazi.

Jumatatu naanza Muganza. Kwenye CV kibanda chako nimekibakisha, miaka sita, na kila nilichofanya mle ndani, kwa sababu ni kweli na wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kweli. Siku nikiwekwa shahidi wa mtu, nitapokea simu na kusema nilichokiona, hata akiondoka nikabaki peke yangu. Hiyo nakuahidi.

Pumzika, Mzee. Nitakuja na Maman Furaha kupalilia kaburi lako, na yeye sitamwambia ulichofanya. Ila jina lako kwenye ule mstari wa mwisho nimelifuta, na hata ungefufuka leo nisingelirudisha.

Esperanse