Kibao Chini ya Pedali

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unapata usingizi. Mimi mzima, ila mikono imechakaa kwa petroli.

Lile gari ulilotumia kushinda resi ya saa ishirini na nne limeletwa gerejini kwetu. Mwenye nalo anataka liungurume siku ya maonyesho, na mgeni wa heshima ni wewe. Tangu lishushwe, watu wanachungulia dirishani kutwa, hata wasiojua resi. Siwalaumu. Bodi ya alumini nyembamba mpaka inabonyea kwa kidole gumba, mkia mrefu wa kukata upepo, pedi za breki zinatoka kwa kuchomoa pini mbili tu, mafundi wasihangaike gizani. Aliyelibuni alifikiria kudumu kwanza.

Ila nimekuta kibao cha mbao kimefungwa kwa skrubu chini ya pedali ya mafuta. Ukanyage utakavyo, injini haifiki nguvu zake zote. Nani alikiweka?

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, tumeshazoeana.

Hicho kibao ni takataka za mafundi. Kitoe, kitupe, na usimwambie mtu. Magari yenye nguvu kuliko letu yalipasua injini kabla ya alfajiri. Letu lilifika kwa sababu dereva alijua kujizuia. Ndivyo magazeti yalivyoandika na ndivyo nitakavyosema mbele ya wageni. Usinichokonoe.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na goti. Kibao sijakitupa.

Utoto wetu wote tulilishwa hadithi ya mguu wako wenye subira. Kaka alipounguza injini ya gari la nyumbani, ulimwambia mbele ya majirani kwamba hana damu yako, ukamtupia begi nje. Mpaka leo hajarudi. Mama alimwulizia mpaka anakata roho.

Nakuuliza jambo moja tu: ulijua? Kama hukujua, nitakutetea kwa kaka.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya si haba. Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikutaka kujibu.

Nilijua. Nilikigundua mzunguko wa kwanza tu. Tulipoingia kuongeza mafuta nikamfokea fundi mkuu, akaniambia injini ile imetengenezwa idumu, na mguu wangu hauaminiki. Alisema kweli. Ningeipasua jua likiwa bado juu.

Fundi huyo alishafariki. Tumebaki wewe na mimi. Kaka yako ana maisha yake huko aliko, usimtoneshe. Niache nife na jina langu.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu akupe nafuu.

Nimempigia kaka simu, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi mwanangu simfundishi hata baiskeli. Naogopa nitamfokea kama mzee." Ndiyo, una mjukuu. Ameniomba nisikupe namba yake, na sitakupa.

Gari liko tayari. Kibao nimekifunga palepale, kwa sababu na gari sina ugomvi. Mngurumo wake unasisimua mwili, hapo hukutudanganya. Njoo uwaambie wageni utakalo, sitakukatiza. Ila ukinikuta pale, usiniite mwanangu. Niite kama wanavyoniita wateja wengine.

Fundi