Kidoti Hataki Maji

Ipagala, Dodoma
Septemba 1993

Mume wangu Wambura,

Salamu nyingi. Huku maji ya bomba ni ya zamu, na Debora wetu ameng'oka jino la mbele. Natumaini kazi ya hapo bwawani Mtera haikuchoshi.

Mwezi uliopita mbwa wako Kidoti aliingia kwenye joto, mbwa dume wageni wakazingira uzio. Daktari wa mifugo alishauri tumfunge kizazi. Nikamwambia, "Mbwa ni wa mume wangu, ngoja nimuulize."

"Usichelewe, mama Debora," akasema.

Nikachelewa. Kidoti alipenya uzio, tukamkuta na jeraha shingoni, na kando yake dume mmoja akiyumba, mate yakimchuruzika. Nilidhani wamegombana tu.

Jeraha lilipona. Lakini tangu jana Kidoti amejificha chini ya kitanda na hataki maji. Asubuhi Debora alimvuta, akang'atwa kidole. Daktari alipofika hakuuliza habari ya kizazi. Alisema, "Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi."

Hospitali chanjo imeisha, wameagiza Dar es Salaam. Dereva wa lori la samaki atakayekupa barua hii anarudi Dodoma kesho. Panda naye.

Debora anasema kidole hakimuumi.

Mkeo,
Lea