Alichosema Shaib Kikaoni

Ngamiani, Tanga
Septemba 1995

Mdogo wangu Tuhfa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima. Sukari imejaa madukani, na sasa tunalalamikia bei badala ya foleni.

Mumeo Shaib anaendelea kugombea ubunge kwa kelele. Najua ulihamia Pangani siku alipojisifu jukwaani kwamba sungusungu wa mtaa wetu aliwaanzisha yeye. Ndio hao waliomvunja mkono ndugu yetu Yakoub kwa wizi ambao hakuufanya. Mimi pia nilikasirika, ila kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuhakikisha. Nikaenda masjala ya halmashauri, nikasoma mihtasari ya vikao vya enzi zake za udiwani.

Shaib amedanganya. Hakuwaanzisha, aliwapinga, tena peke yake. Imeandikwa alisema: "Mshukiwa apelekwe polisi. Fimbo haijui nani mwizi." Madiwani wakamcheka, ndiyo maana hata wewe hakukwambia.

Nikamwonyesha. "Shemeji, usiichapishe," akanisihi. "Watu wanataka fimbo. Utanikosesha kura!"

"Bwana wee, waongo nimewaandika wengi. Wa kujisingizia ubaya ndiwe wa kwanza."

Nimeichapisha gazetini. Jana mkutanoni walimzomea, naye akakiri, akayarudia maneno yale yale bila kutetereka. Bibi mmoja akapaza sauti: "Sasa huyu ndiye mume wa Tuhfa!" Uwanja mzima ukacheka.

Kura atapata ngapi, sijui. Ninachojua ni kwamba wali anajipikia mwenyewe, nami nimeuonja. Rudi, mdogo wangu, asije akashinda ubunge huku amekufa njaa.

Kaka yako,
Masoud