Matundu ya Boriti

Jumatano, Riyadh

Na bado madam anaiita hii nyumba ya shamba, wakati nje hakuna hata shina la sukuma wiki. Aliona nyumba ya kale huko Uingereza, akataka yake ifanane nayo kabisa. Leo fundi ameshinda akitoboa boriti mpya ili zionekane zimeliwa na bungua. Kwetu Molo, mama alipigana na bungua mpaka paa likaanguka.

Nikamwomba madam, maadamu fundi yupo, anitobolee dirisha dogo chumbani kwangu, hapa nyuma ya jikoni.

"Mafi," akasema, yaani hakuna. "Litaharibu sura ya nyumba."

Nikasema sawa, madam. Nakasirika kwamba nilisema sawa.

Wadudu wasiokuwepo wametobolewa matundu. Mimi nipo, na humu hamna hewa.