Nyongeza Niliyoitoa Kabla ya Saini

Addis Ababa,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba akija kutoka Ihanda mwisho wa wiki, mpe na yeye shikamoo yake, umwambie nimemuulizia kahawa yake kabla sijakuuliza wewe goti, maana najua atafurahi. Goti lenyewe linasemaje? Lile la kulia, ambalo kila siku unaniambia limepona huku nakusikia kwenye simu ukiinuka kwa kuguna. Kaka Ayubu kaniambia kwenye simu vumbi la Tunduma limekwisha, sasa ni matope, na foleni ya malori iko palepale. Mimi ni mzima, nakula na nalala. Baridi ya huku haijanisumbua kwa sababu ni ileile ya Ihanda ya mwezi wa saba, na lile sweta la Shangazi lililonifanya nichekwe chuoni, huku limekuwa mali.

Najua utashangaa kupata barua ilhali tumeongea Alhamisi. Lakini simu yako unaiweka kwenye spika juu ya magunia, na Mama Gifti wa vitenge huitikia hata salamu zisizo zake. Ninalotaka kukuambia ni lako peke yako. Nitampa barua hii Mtanzania mwenzangu anayerudi Dar, ataipakia kwenye basi la Tunduma. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Ayubu, anasoma kama anafukuzwa.

Kwanza nikuchekeshe. Watu wa huku wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Mama mwenye nyumba alipotuambia chai ya asubuhi ni saa moja, mimi saa moja nilikuwa mezani. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Senegali, alikuja saa saba mchana na daftari lake, akakuta vyombo vimeshaoshwa. Na kahawa yao, Mama, wanaikaanga mbele ya mgeni, wanamsogezea moshi anuse, ndipo wanaitwanga. Niliwaambia nimekulia kwenye kahawa, wakaniuliza kwetu tunaipikaje. Niliona haya kusema kwamba tunaianika, tunaipeleka chama cha msingi, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai ya rangi.

Umekuwa ukiwaambia watu sokoni kwamba nasomea ubalozi. Sikukukatalia, ila si hivyo hasa. Tuko vijana kumi na wanane kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wote tumemaliza chuo juzijuzi, na tumelipiwa miezi sita ya kujifunza namna nchi zinavyopatana, na namna mtu asiye na cheo anavyoweza kuwafikia hao wanaopatana akawaambia: hapa mnamuumiza mtu. Unaandika kurasa tano, unaambiwa ziwe moja. Unakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkubwa, unapewa dakika tano, na nne kati ya hizo anazungumza na simu.

Mwisho wa mafunzo kuna kikao cha kweli. Maofisa wa nchi kadhaa watakutana hapa kuzungumzia biashara ndogo za mipakani, na mmoja wetu, yule atakayefanya vizuri kwenye mazoezi, atapewa dakika kumi za kuzungumza mbele yao. Mama, nilizitaka dakika hizo kuliko kitu chochote tangu nimalize shule. Unajua kwa nini. Yale magunia yako manne ya mchele wa Kamsamba yaliyolala nje pale mpakani yakisubiri karatasi moja, mvua ikayakuta, ukarudi nayo nyumbani ukaanika mchele juu ya mashuka ya kitandani kwenu. Nilikuwa kidato cha tatu. Nyumba ilinuka uvundo wiki mbili, na wewe ulikuwa unaugeuza tu kwa kiganja. Nilijiambia siku moja kuna mtu mkubwa atasikia habari hii.

Sasa sikia nilichokifanya.

Zoezi kubwa lilikuwa la siku mbili. Walitugawa pande mbili, nchi mbili za kubuni zenye mpaka mmoja. Mimi niliongoza upande mmoja. Upande wa pili uliongozwa na Mulenga, kijana wa Zambia, kwao Kasama. Siku ya kwanza tulipokutana alinisalimia "Mulishani mukwai," nikamjibu kwa Kibemba changu cha sokoni, akacheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa tunabishania kilo ngapi mfanyabiashara mdogo aruhusiwe kuvusha kwa karatasi moja nyepesi, bila wakala wa forodha. Wao walianza na hamsini. Sisi tulitaka mia mbili. Siku ya pili mchana nikawafikisha mia na hamsini, na nilihisi kama nimeshayavusha magunia yako mwenyewe. Kilichobaki ni saini, na sharti la zoezi lilikuwa kwamba bila saini kufikia saa kumi, pande zote mbili zimefeli.

Karatasi ikaletwa, kalamu zikawekwa. Na mimi, mtoto wako, kwa furaha tu, nikasema: "Na sisi tunawaongezea. Watu wenu wakija kuuza kwetu, hawatalipa ushuru wa meza sokoni."

Hakuna aliyekuwa ameomba hilo. Mulenga aliniangalia, akatabasamu kidogo, akaomba mapumziko ya dakika kumi. Waliporudi, alisema kwamba nchi inayoweza kusamehe ushuru bila kuombwa bila shaka ina mengine mfukoni, kwa hiyo wangependa kurudi kwenye zile kilo. Saa ilikuwa inakimbia, wenzangu wakaingiwa na hofu. Tulisaini saa kumi kasoro dakika tatu. Kilo themanini, Mama. Na msamaha wa ushuru wa meza wakabaki nao.

Mkufunzi wetu ni mama mtu mzima kutoka Ghana, alikuwa balozi miaka mingi, tunamwita Madam. Hakunifokea. Alinivuta pembeni.

"Salome, lile la mwisho lilitoka wapi?"

"Ni desturi ya sokoni kwetu."

"Basi niandikie hiyo desturi. Kurasa mbili, Jumatatu."

Nikakaa kuandika habari zako. Nikaandika unavyojaza sado, lile kopo lako la kupimia, unavyopitisha kijiti juu yake ili iwe sawasawa, unavyomimina kwenye mfuko wa mteja, unavyopokea hela na kuifunga kwenye pindo la kitenge, halafu mkono unarudi kwenye gunia na kumwongezea konzi moja. Nilipofika hapo nikaacha kuandika. Miaka yote niliyokaa nyuma ya meza yako, mkono wako haukuwahi kurudi kwenye gunia kabla ya hela kuingia kwenye pindo. Mimi niliongeza kabla. Nilikuwa nimelijua tendo lako toka utotoni na sikuwa nimeangalia mpangilio wake.

Nikamkumbuka na yule bwana wa lori. Alitaka magunia sita, akataka yawe lumbesa, yashonewe kichwa juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Ulipokataa akakutania, akikuita mama kwa Kibemba: "Bamayo, wewe si huwa unaongeza? Hata watoto unawaongezea." Ukaiweka sado chini, ukaigeuza mdomo chini, ukaikalia. Ukamwambia, "Nyongeza natoa mimi. Ukishaidai wewe, hiyo ni bei." Akaondoka na lori lake tupu. Mimi nilinuna kutwa nzima. Niliona mama yangu ana kiburi cha bure, na nilikosa adabu nikakujibu vibaya jioni ile ulipoomba maji. Hukunikumbusha tena, lakini mimi sijasahau. Nisamehe, Mama. Nimechelewa kuliona, ila nimeliona.

Hayo yote niliyaandika, na habari ya mchele ulionyeshewa nikaiweka. Madam alizisoma kurasa zangu darasani kwa sauti, akasema nimeandika vizuri kuliko nilivyopatana. Nilifurahi kwa muda mfupi, kwa sababu palepale alitangaza kwamba dakika kumi za kikaoni amepewa Mulenga.

Nililia. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili yule binti wa Senegali asisikie, na maji ya huku hukatika, kwa hiyo yalipokatika akasikia. Siku tatu sikumsalimia Mulenga. Najua ungenikemea.

Siku ya nne alinifuata kwenye ngazi akiwa na vikombe viwili vya kahawa. Akasema ana mambo mawili.

"La kwanza, siku ile mezani nilijua. Nyongeza kwetu tunaiita mbasela. Bibi yangu hanunui hata chumvi bila mbasela. Nilijua hukuwa dhaifu, ulikuwa unatupa mkono wa heri. Nikaitumia hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushinda."

Nilimchukia kidogo na nikamheshimu kidogo, maana angeweza kunyamaza.

"La pili," akasema, "hotuba yangu haina mtu ndani yake. Ina hesabu tupu. Nipe habari ya mama yako. Mchele, mashuka, na lile neno alilomwambia mwenye lori. Nitamtaja kwa heshima, jina lake kamili na soko lake."

Mama, alikuwa amesimama palepale aliposimama yule bwana wa lori, anadai nyongeza. Ulimi wangu ulikuwa tayari na hapana. Lakini nikafikiri: hayo ndiyo maneno niliyotaka wakubwa wayasikie, na sasa hakuna mdomo mwingine wa kuyapeleka isipokuwa wake. Na wale akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wanaovuka kuja kwako, wao nao wana mashuka yao. Nikikataa kwa hasira, namkomoa Mulenga au nawakomoa hao? Karibu nimwambie chukua.

Kilichonizuia ni hiki. Jina lako likitajwa mbele ya maofisa, mimi nitakuwa huku nikipigiwa makofi, Mulenga atapeana mikono na watu. Wewe ndiye utakayeamka Jumatatu ukapite palepale na gunia lako, mbele ya watu walewale wa forodha. Huenda wakakuheshimu zaidi. Huenda mmoja akasema, kumbe ni huyu aliyetusemea kwa wakubwa. Sijui, na naogopa. Nimeshakosea mara moja kwa kutoa kitu upesi, na kile kilikuwa cha nchi ya kubuni.

Nikamwambia, "Hilo gunia si langu. Nitamuuliza mwenyewe." Akasema nikupigie simu sasa hivi, kikao ni mwisho wa mwezi ujao. Nikamwambia mama yangu hajibu jambo zito akiwa na wateja, na wateja hawamwishi.

Kwa hiyo nakuuliza. Unaweza kukubali yote pamoja na jina. Unaweza kukubali habari, ukakataa jina na soko. Unaweza kukataa kabisa. Ongea na Baba kama unaona vema, lakini uamuzi uwe wako, kwa kuwa mashuka yalikuwa yako na yule bwana ulimjibu wewe. Usinifikirie mimi. Upande wangu nimeshaupima: nitakaa nyuma ya ukumbi nikisikia mchele wako kwa sauti ya mtu mwingine, na itaniuma, na bado nitataka auseme vizuri.

Ukishaamua nipigie, lakini usieleze kitu mbele ya Mama Gifti. Ukikubali yote, sema "ongeza." Ukikubali bila jina, sema "ongeza kidogo." Ukikataa, sema "sado iko chini," nami nitakwenda kumwambia hivyo, na sitakuuliza sababu, wala sitakujibu vibaya kama jioni ile.

Msalimie Ayubu, kaka yangu asiyejibu ujumbe, mwambie viatu anavyotaka huku ni ghali kuliko huko. Msalimie Bibi, mzaa baba, umwambie bado nasali kabla ya kula hata hotelini, na watu wananisubiri. Shangazi wa Itumba mwambie sweta lake limefika mbali kuliko sisi sote. Mama Gifti naye msalimie, najua ameshaiona bahasha na ameshauliza inatoka kwa nani.

Neno moja kabla sijafunga. Ukisema niongeze, sitamimina hapohapo. Kwanza Mulenga ataandika kwa mkono wake, mbele ya Madam, kwamba dakika zake kumi zitaomba kilo mia na hamsini, siyo themanini tulizosaini kwenye zoezi. Akishatia saini, ndipo mkono wangu utarudi kwenye gunia.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka hasa saa za kufunga meza,

Salome