Mbele ya Nyumba ni Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Kimepita! Chumba changu kipya kimepita kikao cha familia. Kaka anaoa mwezi wa sita, Shemeji anahamia hapa, mimi natolewa chumbani kama paka. Baba Mdogo akasema basi nikaishi kwake. Kwake! Watoto kama sisimizi, choo kimoja. Nikasema, jamani, si tuongeze chumba nyuma, pale kwenye kamba ya nguo? Wakakubali, Mama akasema: leo mtoto kaongea. Leo! Naongea kila siku, masikio yao ndiyo yameziba.

Tatizo nyumba yetu ni ya kale, imeandikishwa serikalini kama urithi. Hata kupaka rangi dirisha lazima kibali.

Jumanne, 4 Machi

Plani nimechora mwenyewe. Mlango, madirisha mawili, paa la kuteremka, hata feni — inazunguka! Shule niliishia kidato cha pili, lakini mstari wangu umenyooka kuliko wa waliomaliza. Kaka kaigeuza juu chini: "Hii ni kabati au meli?" Wivu tu.

Fundi Kesho naye kaja kupima. Kesho yake ya mwezi uliopita imefika leo, tushukuru. Kagonga ukuta wa nyuma, unalia mtupu. Kasema plasta yote ibanduliwe kabla ya kuunganisha chumba. "Bandua wewe, Injinia, mimi mgongo." Injinia! Nikachukua patasi palepale.

Jumatano, 5 Machi

Afisa wa majengo ya kale kaja. Mama wa makamo, miwani, viatu visivyo na sauti. Kasimama barabarani kaitazama nyumba kama anayesoma gazeti. Kasema mbele tusiguse hata msumari, maana mbele ndiyo sura ya nyumba. Nyuma tunaweza kuongeza, ila Jumamosi arudi aone ukuta kwanza. Nikamwambia asijali, sura hiyo nitaitunza kama yangu, nayo yangu anaiona mwenyewe. Mama kanifinya.

Kumbe Bibi muda wote yuko uani! Kabeba kiti, kavaa nguo yake ya kutokea, anangoja mgeni. "Mgeni hupokewa mbele." Bibi yetu mbele na nyuma zimemchanganyikia zamani. Mwambie aende mbele, utamkuta kwenye kamba ya nguo. Tulicheka mbavu zikauma.

"Chekeni tu," kasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nabandua. Vumbi mpaka kwenye meno. Mikono imevimba — misuli hiyo! Kitanda nimeshajua kitakaa wapi. Siwezi kutulia, natoka, naingia, napima tena kwa hatua.

Ijumaa, 7 Machi

Patasi imegonga kitu. Sauti nyingine kabisa.

Jiwe. Limechongwa maua. Nikabandua kulia, maua. Kushoto, maua. Juu yanakutana — tao! Tao la mlango mkubwa, katikati pamezibwa kwa matofali. Chini kuna kizingiti kimelika kwa miguu ya watu. Nikakaa chini. Nani anachonga maua kwenye mlango wa kutolea takataka?

Fundi Kesho kapiga mluzi. "Injinia, umefukua sura ya nyumba." Maana yake afisa akiliona hilo, huku ndiyo mbele, na mbele haiguswi. Kwaheri chumba. Akaninong'oneza: saruji ipo, mchanga upo, piga plasta mapema asubuhi, nani atajua?

Nikamwendea Bibi. Mbele ya nyumba ni wapi? Kaniangalia kama nimemuuliza pua yangu iko wapi. Kasema aliingia kwa mlango ule siku aliyoletwa kuolewa. Kichwa chini, aibu. Kizingitini akainua macho mara moja tu, akaona maua, akainama tena. Barabara ilipopita upande wa pili, Babu akaziba mlango bila kumuuliza.

"Mkaanza kusema nyuma. Mimi sikusema."

Sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekalia ndoo. Upande wa kushoto nimeshaziba. Maua hayapo tena. Ya kulia bado, na karai limejaa plasta. Kaka kapita: fanya haraka bwana, chumba chako hicho. Mama kasema yeye hajaona kitu, kaingia ndani.

Halafu Bibi katoka na kiti chake. Kaketi, ukuta uko mgongoni, uso kwenye kamba ya nguo, kama mwenye nyumba mlangoni pake. Hajageuka.

"Nani huyo anakwangua mlangoni kwangu?"

"Mimi, Bibi."

"Haya, mjukuu wangu. Safisha vizuri, mgeni anakuja."

Jamani! Angenitukana tu.

Afisa kafika. Vile viatu, hata sikumsikia. Mama anamchelewesha sebuleni kwa chai, anazungumza kwa sauti ya juu ili nisikie. Kaka kachungulia, ananionyesha kwa mkono: maliza! Plasta ya kushoto bado mbichi, kidole kinaingia. Kwa mwiko huuhuu inapigwa, kwa huuhuu inatoka. Baada ya chai itakuwa imeshika.

Sasa afisa anauliza apitie wapi.

"Huku mbele, mwanangu!" Bibi kaita. "Njoo huku mbele!"

Viti vinasogea sebuleni. Nimesimama, mwiko mkononi. Daftari naliweka chini, nabandua ya kushoto ingali mbichi.